Jenereta, batri au paneli ya jua? Uliza hewa kwanza

Ndugu mfanyakazi, mama mwenye nyumba, kijana mwenye biashara ndogo: mara nyingi ukurasa huu unakueleza juu ya kofia, viatu, mawe yanayoanguka na vumbi. Leo tunazungumza juu ya hatari isiyokaa mgodini. Inakaa nyuma ya duka, chini ya meza ya studio, pembeni ya kitanda cha mlinzi. Ni umeme wa akiba.

Kila mkaaji wa Kindu anajua kwa nini tunauhitaji. Kuran ya SNEL haifiki kila mtaa, na pale inapofika haina uhakika. Huko Kasuku, Mikelenge, au ng'ambo ya mto huko Alunguli, mwenye studio ya picha, kinyozi, mama wa vinywaji baridi na mwenye mashine ya fotokopi, kila mmoja anajitafutia umeme wake. Mara nyingi fedha za kuanzia zinatoka kwenye kazi ya madini. Baba anarudi kutoka Kalima au Kailo na akiba yake, familia inakaa chini na kuuliza: tununue nini?

Kwa kawaida swali la kwanza ni bei, na la pili ni nguvu. Sisi tunakuomba ugeuze mpango huo. Uliza hewa kwanza, uliza nguvu baadaye, uliza bei mwisho. Mtu wa mgodi anajua kwamba haruhusiwi kuwasha injini katika shimo lisilo na hewa. Nyumbani sheria ni ile ile, ingawa hakuna kapita wa kukukumbusha.

MOSHI USIOONEKANA

Injini yoyote inayochoma esanse au mazutu inatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Usidanganyike na moshi mweusi. Hata jenereta mpya, inayowaka vizuri na isiyoonyesha moshi wowote, inatoa gesi hii.

Inauaje? Damu yetu ina kazi ya kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Gesi hii inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo damu inabeba mzigo usiofaa, na ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Mtu aliye macho anaona uchovu tu. Aliyelala hawezi kuamka.

Watu wa migodi waliijua gesi hii zamani. Nchini Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walishuka na ndege wadogo katika vizimba, kwa shauri la mtaalamu J. S. Haldane. Ndege alipoanguka, watu walijua kwamba dakika zao zimebaki chache, nao walitoka. Ndege hao walitumika mpaka mwaka 1986, ndipo vipimo vya umeme vilipochukua nafasi yao. Jirani zetu wa Goma nao wana neno lao, mazuku: hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa mabondeni, ikiua mbuzi na watu. Mazuku ni gesi nyingine, dioksidi ya kaboni. Ile ni nzito, kwa hiyo inalala chini. Gesi ya jenereta haichagui mahali. Inaenea chumba kizima, inapita chini ya mlango, inapita katikati ya ukuta na mabati, inamfikia jirani.

Hata nchi tajiri zinazika watu kwa sababu hii. Mwezi wa Agosti 2020, kimbunga kilichoitwa Laura kilipiga jimbo la Louisiana, Marekani. Umeme ulikatika, watu wakawasha jenereta. Kati ya waliokufa, wengi hawakuuawa na upepo wala maji. Waliuawa na jenereta zao wenyewe, wengine wakiwa wamelala nyumbani baada ya kimbunga kupita.

Jifunze dalili hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, miguu kulegea, akili kuchanganyikiwa. Wengi watasema ni malaria. Lakini malaria haiwashiki watu wanne wa nyumba moja katika saa moja, wala haipungui mgonjwa akitoka tu uwanjani. Ukiona hivyo wakati jenereta inanguruma karibu, fikiria gesi.

Ufanye nini? Usikimbilie ndani na kukaa humo. Mgodini tumekwisha kuona mtu wa pili akifa kwa kumfuata wa kwanza. Zima injini ukiwa nje, fungua milango na madirisha yote, vuta pumzi nje, ingia haraka, mtoe mgonjwa mpaka penye upepo. Kama hapumui, anza kumpulizia hewa mdomoni ikiwa umefundishwa. Kisha mpeleke hospitali, maana anahitaji oksijeni, hata kama anasema amepona. Maziwa na mafuta ya mawese hayaondoi gesi hii katika damu. Usipoteze wakati kwa hayo.

MAHALI PA JENERETA

Sasa tazama kiwanja chako. Je, kuna mahali nje ambapo jenereta inaweza kukaa mita 6 au zaidi kutoka kwenye mlango na dirisha lolote, lako na la jirani, bomba la moshi likielekea kusiko na nyumba? Baraza si nje. Chumba kisicho na dirisha si nje. Jikoni lenye ukuta wa mianzi si nje. Juu ya mashine unaweza kuweka kipaa cha bati kwa ajili ya mvua, lakini pande zote zibaki wazi.

Tunajua kwa nini watu wanaiingiza ndani: wanaogopa wezi. Hofu hiyo ni ya haki. Basi mimina zege, zika chuma ndani yake, funga jenereta kwa mnyororo na kufuli, au tengeneza kizimba cha nondo. Usiku zima mashine, iache ipoe, ndipo uiingize stoo. Mwizi akiiba jenereta, utanunua nyingine.

Kama kiwanja chako hakina mahali pa namna hiyo, uchaguzi umekwisha: jenereta si yako. Hata ukipewa bure, usiichukue. Soma sehemu zinazofuata juu ya batri na jua.

HESABU YA NGUVU

Chukua karatasi. Andika kila chombo, nguvu yake kwa wati, na masaa kitakayofanya kazi. Wati zimeandikwa nyuma ya chombo au kwenye chaja yake. Tuseme mama mmoja ana studio ndogo ya picha:

Kompyuta ya mkononi, wati 60 kwa masaa 6: 360.
Ampuli 4 za LED, wati 10 kila moja, kwa masaa 5: 200.
Feni moja, wati 50 kwa masaa 5: 250.
Mashine ndogo ya kutoa picha, wati 120 kwa saa 1: 120.
Chaja za kamera na simu, wati 20 kwa masaa 3: 60.

Jumla ni 990. Tuseme wati-saa 1000 kwa siku. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza, nayo inaonyesha ukubwa wa batri. Hesabu ya pili ni vyombo vyote vikiwaka pamoja: 60, 40, 50, 120 na 20, jumla wati 290. Hiyo inaonyesha ukubwa wa konvertisa, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa batri kuwa wa volti 220. Kwa studio hii konvertisa ya wati 600 inatosha na kubakiza nafasi.

Jihadhari na vyombo viwili vya namna ya pekee. Cha kwanza ni chombo cha kupasha moto: pasi, jiko la umeme, mashine kubwa ya fotokopi. Fotokopi ikianza kupata moto inaweza kudai wati 1000 au zaidi kwa muda mfupi. Cha pili ni chombo chenye mota, kama frigo. Mota inapoanza kuzunguka inadai mara kadhaa ya nguvu iliyoandikwa. Mtu anayenunua konvertisa kwa kusoma wati za frigo peke yake ataiunguza kabla ya kumaliza mwezi.

BATRI SI SANDUKU TU

Turudi kwa mama wa studio. Anahitaji wati-saa 1000, lakini konvertisa yenyewe inakula kidogo, basi tuweke 1200. Kwa batri ya volti 12, hiyo ni amperi-saa 100. Je, anunue batri moja ya 100? Hapana. Batri ya risasi na asidi haipendi kunyonywa zaidi ya nusu. Ukiimaliza kabisa kila siku, itakufa mapema. Kwa hiyo anahitaji mbili za 100. Batri ya litiamu inakubali kutolewa karibu robo tatu na zaidi, na inadumu miaka mingi zaidi. Bei yake ni kubwa siku ya kwanza, lakini fanya hesabu ya miaka mitano kabla ya kusema ni ghali.

Usinunue batri ya gari kwa kazi hii. Batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili kuamsha injini. Kazi ya polepole ya usiku kucha inaiharibu.

Na hapa tunauliza tena swali la hewa. Batri ya asidi inapojazwa inatoa gesi ya hidrojeni. Gesi hiyo ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Kwa hiyo batri zisikae chumba cha kulala wala katika kabati lililofungwa. Ziweke penye matundu ya hewa, moja juu kabisa kwa sababu hidrojeni inapanda, juu ya ubao, mbali na jiko, mshumaa na sigara. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na batri. Spana ikianguka kati ya vichwa viwili vya batri, chuma kinageuka chekundu mkononi mwako. Vua pete na saa kabla ya kufanya kazi. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, halafu nenda hospitali. Na kumbuka mgongo: batri kubwa inabebwa na watu wawili.

Batri ikifa, usiwaachie watoto waivunje. Risasi iliyomo ndani ni sumu inayoharibu akili ya mtoto, na haionekani inapoingia. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, mahali ambapo watu walikuwa wakivunja batri za zamani ili kutoa risasi. Huko Mombasa, nchini Kenya, wakaaji wa mtaa wa Owino Uhuru walipata sumu hiyo hiyo kutoka kwa kiwanda cha kuyeyusha batri, ambacho kilifungwa mwaka 2014. Mpe muuzaji batri ya zamani ikiwa nzima, siku unayonunua mpya.

JUA LA MANIEMA

Paneli ya jua haina moshi, haina kelele, wala haingoji treni kutoka Kongolo ilete mafuta. Kwa hewa ndiyo bora kuliko zote. Lakini Kindu ni nchi ya msitu na mawingu. Usihesabu masaa 12 ya mchana. Hesabu masaa 4 ya jua kamili, nawe hutadanganyika sana. Studio yetu inayotaka wati-saa 1200 itahitaji paneli za wati 430 hivi, kwa sababu joto, vumbi na nyaya vinapunguza nguvu. Chukua mbili za wati 250. Siku tatu za mvua mfululizo zikija, zima feni, fanya kazi za lazima tu.

Kindu iko kusini ya ikweta, lakini karibu sana nayo. Basi inamisha paneli kidogo tu, zikielekea kaskazini, ili mvua izioshe. Kivuli cha mwembe au mgazi kinachogusa kona moja kinaweza kuondoa sehemu kubwa ya nguvu. Kati ya paneli na batri weka regilateri, kifaa kinachozuia batri isijae kupita kiasi. Na anayepanda juu ya bati afungwe kamba. Mtu aliyejifunza kufunga mkanda wa usalama kazini asiuache nyumbani siku ya Jumapili.

RADI

Mashariki ya Kongo ni mojawapo ya nchi za radi nyingi kuliko zote duniani. Wataalamu waliohesabu radi kwa satelaiti walitoa orodha yao mwaka 2016: Kabare, huko Kivu ya Kusini, ilikuwa ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu, na zaidi ya radi 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Mawingu hayo hayaishii mpakani mwa Kivu.

Kwa hiyo chuma kinachoshika paneli kiunganishwe na ardhi: waya mnene wa shaba mpaka kwenye nondo ndefu iliyopigwa chini, mahali penye unyevu. Mwili wa jenereta nao uunganishwe vivyo hivyo. Mvua ya radi ikianza, chomoa kompyuta na usiguse nyaya. Hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda radi inayopiga moja kwa moja.

UMEME UNAORUDI

Kosa hili linaua mtu usiyemwona. Kuran ya SNEL imekatika. Mtu anawasha jenereta na kuchomeka waya katika prizi ya ukutani ili nyumba nzima ipate mwanga. Umeme wake unatoka nyumbani, unarudi kwenye laini ya mtaa, unafika kwenye transfo. Transfo inayoshusha umeme wa SNEL inafanya kazi kinyume: inaupandisha umeme wako mpaka maelfu ya volti. Fundi wa SNEL aliye juu ya nguzo, akiamini kwamba laini imekufa, anashika waya.

Dawa yake ni swichi ya kubadili, ile ambayo mafundi wanaiita enverseri. Ina nafasi mbili: SNEL au jenereta. Haiwezi kushika zote mbili kwa wakati mmoja. Kama huna swichi hiyo, chomeka vyombo moja kwa moja kwenye jenereta, usiguse waya wa nyumba. Pia usifunge kamwe waya wenye vichwa vya kiume pande zote mbili. Mafundi wengine wanautengeneza kwa haraka, lakini mtoto akichomoa upande mmoja, anashika umeme mkononi.

MAFUTA

Jenereta ndogo ya studio inakula nusu lita mpaka lita moja ya esanse kwa saa, kwa kadiri ya mzigo. Zidisha mara masaa 6, mara siku 26, kwa bei ya Kindu wiki hii. Wengi wakimaliza hesabu hiyo, paneli hazionekani tena kuwa ghali.

Ukibaki na jenereta, usiweke bidoni ya esanse ndani ya duka wala penye mtoto. Usimimine injini ikiwa ya moto. Ngoja ipoe, hata kama mteja anapiga kelele. Moto wa esanse hauzimwi kwa maji, kwa sababu esanse inaelea na kuupeleka moto mbali. Weka ndoo ya mchanga karibu. Na kelele ya injini inayokusindikiza siku nzima inaharibu masikio, sawa na mashine ya kutoboa mawe. Isogeze mbali.

BASI TUCHAGUE NINI?

Studio ya picha, kinyozi, mwenye kuchaji simu, mshonaji mwenye mashine ndogo: batri na paneli zinatosha. Usitafute jenereta.

Mwenye fotokopi au frigo: paneli na batri kwa taa na kompyuta, jenereta kwa masaa machache ya kazi nzito, ikiwa tu kiwanja kina nafasi ya mita 6.

Mwenye kinu cha mihogo au mashine ya kuunganisha vyuma: injini ya mazutu, chini ya kipaa kilicho wazi, na mfanyakazi asilale humo.

Asiye na fedha nyingi aanze kidogo: ampuli, batri moja iliyo nzuri, paneli moja, regilateri ya ukubwa wa kupokea nyingine baadaye. Bora taa mbili za salama kuliko mtaa mzima wa mwanga na jeneza uwanjani.

KUMBUKA NYUMBANI KAMA KAZINI

1. Mahali kwanza, mashine baadaye.
2. Jenereta nje, mita 6 kutoka kwa milango na madirisha yote.
3. Mtu asilale katika chumba chenye injini au batri za asidi.
4. Watu wengi wakiumwa kichwa pamoja, tokeni nje wote.
5. Swichi ya kubadili, au usiguse waya wa nyumba.
6. Fyuzi karibu na batri, nondo ya shaba ardhini.
7. Injini ipoe kabla ya kumimina esanse.
8. Batri iliyokufa irudishwe nzima.

Baba, kata ukurasa huu, ubandike karibu na mlango wa duka. Mama, msomee mlinzi na mtoto anayewasha mashine, maana wao ndio wanaokaa nayo karibu. Na leo jioni, kabla ya kulala, toka nje uangalie: jenereta ya nyumbani kwako, na ya jirani yako, iko wapi?